Taib Anangoja Simu

Kileleni mwa milima ya Hatta, huko Dubai, baridi ilituuma mpaka masikioni. Taib aliketi kutoa mchanga kiatuni, akanipa simu yake.

"Nishikie, kaka. Mke wangu yuko leba Mombasa, na mtandao unashika hapa juu tu."

Wenzetu wa kazini wakacheka. "Baba kijacho huyo, hata kamba za viatu zimemshinda!"

Wakubwa wa kampuni wamempa likizo, kesho anaruka. Mimi walininyima hata ya kwenda kumzika mke wangu.

Simu ikatetemeka kiganjani mwangu. Alikuwa mama mkwe wake anapiga, picha yake kiooni anacheka.

"Nani huyo, kaka?"

Kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi. Nikakibonyeza hivyo hivyo kwenye alama nyekundu.

"Kampuni tu. Vaa kiatu, yalla, tushuke."