Ukungu wa Mzee Kiboko

Enzi zile ukungu ulipokuwa ukilala mtoni hadi jua kali, Kiboko alitawala ng'ambo hii, na wanyama walikuwa wamemchoka. Kila walipotaka kuchagua mkuu mpya, alinyoosha mdomo kwenye ule weupe na kunong'ona, "Kifaru wa ng'ambo anakuja kutukanyaga. Huu ni wakati wa kuchaguana?" Nao wakarudi kulala, wakaota pembe.

Korongo, mpinzani wake, hakubisha. "Babu, mila yetu mkuu hutangulia vitani. Tangulia, tuko nyuma yako."

"Nyuma umbali gani?"

"Tutakuona tu, babu."

Angekataa, kiti kingeondoka palepale. Kiboko akaingia majini. Katikati ya mto, kwenye fungu la mchanga, pembe ikajitokeza ukunguni, nayo inatetemeka.

"Usiniue!" akalia Kifaru. "Kwangu wanataka kuchagua, ndipo nikawaambia unakuja kutuzamisha. Wakanituma nikuzuie."

"Mjinga wee! Nami nimewaambia hayohayo juu yako."

Wakacheka hadi wakaegemeana. Wakaapa kutishiana kila msimu, wazeekee vitini. Walikuwa bado wameegemeana kama maharusi ukungu ulipoinuka taratibu, mithili ya chandarua asubuhi. Kingo zote mbili zilijaa macho.

"Babu," Korongo akaita kwa upole, "vita vinaendeleaje?"

Kifaru akatimkia vichakani. Kiboko akazama, na huko juu wanyama wakachagua mkuu mpya. Hadi leo hutoa macho na masikio tu, akichungulia kama wamesahau. Hawajasahau.