Kijani cha Stamili

Sheria inataka katika kila nyumba watu wanawe kwa maji ya chembe. Chembe hizo nazijua vizuri, maana ndizo ninazozipima maabara kutwa. Kwa nje zinapenda maji, kwa ndani zinapenda mafuta, na ndani ya kila moja kuna rangi iliyolala. Ukinawa, chembe hunyonya mafuta uliyoachiwa na ngozi ya mtu mwingine, na chini ya taa ya zambarau rangi ya mtu huyo huamka, maana kila mtu ana yake. Mguso hukaa mkononi siku tatu, hata ujisugue kwa dodoki. Ndiyo maana siku hizi watu hawapeani mikono ovyo.

Rangi yangu ni buluu. Ya Stamili, jirani yetu, ni kijani, na jana nilimwona mume wangu akicheka naye getini.

Leo Athumani alipochelewa tena, nilipakua ugali, nikaleta beseni, nikawasha taa.

"Unanishuku, Mwanahawa?"

"Nawa, bwana. Chakula kinapoa."

Akatumbukiza mikono. Nilikodoa macho nikiomba kijani kisitokee, na huku nakitaka kitokee, nipate sababu ya kumpasulia sahani.

Maji hayakubadilika.

"Umeridhika sasa?" akauliza, akamega tonge.

Nilicheka, roho kwatu. Nikainama kuzima taa, nikayatazama maji tena. Kijani hakikuwamo kweli.

Na buluu yangu pia haikuwamo.