Mlio wa Kwenye Kona

Kwenye yadi ya magari yalisimama mawili ya spoti, yote mekundu. Moja lilikuwa toleo jipya. La pili lilikuwa toleo la zamani, la mwisho kubaki, maana hayatengenezwi tena.

"Hili jipya halina kelele, baba," Tausi, muuzaji, alimweleza mteja wake, Nyange. "Unafika nyumbani hakuna anayejua."

Nyange aliitikia kwa kichwa. Gari lake lililochakaa lilikuwa kama lile la zamani.

"Naomba uyaendeshe, moja moja, mpaka nyuma ya kona ile, kisha urudi. Mimi nitasikiliza hapa getini."

"Hutaki kuendesha mwenyewe?"

"Marehemu mke wangu alikuwa akinisikia toka kwenye kona. Sikuwahi kupiga honi. Nikifika, nakuta geti liko wazi."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Tausi akachukua funguo.

Nyange alifunga geti, akasimama kwa ndani. Gari jipya lilikuja, na hakulisikia mpaka Tausi alipopiga honi. La zamani lilianza kuunguruma toka mbali, likapunguza mwendo kwenye kona, likakohoa kidogo, na mkono wa Nyange ukavuta komeo wenyewe.

Tausi aliingiza gari, akashuka akitabasamu. "Basi nadhani tumeshapata jibu. Nikuandalie hili?"

"Hapana," alisema Nyange. "Niandalie jipya. Nikifika na la zamani, bado natazamia kukuta geti liko wazi."

Bado alikuwa amelishikilia geti, liko wazi, akiitazama barabara.