Diski Haifutwi

Binti alikuwa ameikalia diski, na hakuwa na nia ya kuinuka.

Mjomba alisimama mbele yake, bisibisi mkononi. Juu ya meza ya chakula kompyuta mpya ilikuwa wazi ubavu mmoja, nyaya zikining'inia. Ile ya zamani ilikuwa sakafuni, imeshanyofolewa kila cha maana. Kilichobaki ni hicho kilichokaliwa.

"Mpwa wangu, inuka. Utaivunja."

"Heri niivunje mimi kuliko uifute wewe."

"Si mimi. Ni mama yako."

"Basi aje aniinue mwenyewe."

Mjomba alicheka bila kutaka. Alikuwa fundi wa siku nyingi, ndevu zimeshaingia mvi, lakini dada yake akikohoa tu hutafuta pa kujificha. Na dada mtu alikuwa ameshatoa amri: kompyuta mpya ni ya masomo ya chuo, isiingie na mchezo hata mmoja. Diski ya michezo ifutwe yote.

Simu ikalia. Mjomba akaweka spika.

"Imefutwa?" Mama aliuliza, hata salamu hakuna. Nyuma ya sauti yake vitufe vilisikika vikibofywa mfululizo. Alikuwa mpiga chapa mahakamani, na vidole vyake havikujua kupumzika hata mdomo ukiwa kazini.

"Bado, dada. Mwanao ameiatamia."

"Ameifanyaje?"

"Ameiatamia. Nasubiri itotoe."

"Sitaki mzaha. Kabla ya saa kumi nataka iwe tupu."

"Shikamoo, Mama," binti alidakia. "Kompyuta nitaisomea. Michezo inabaki."

"Marahaba. Ukimaliza mitihani utaipakua upya."

"Kwa intaneti ya nyumba hii? Mchezo mmoja tu ni wiki nzima!"

"Wiki haiui mtu," Mama alisema, akakata.

Ingemuua, tena leo hii hii. Saa kumi alasiri ilikuwa fainali ya ligi ya ngome: unalinda yako, unabomoa ya mwenzio, na watu mia kadhaa wanatazama mtandaoni. Asiyetokea uwanjani muda ukifika amepoteza, na taji linabaki kwa mwenye nalo. Mwenye nalo alikuwa mtu asiyejulikana na yeyote, aliyejiita Shoka. Misimu miwili mfululizo Shoka alimbomolea binti ngome yake mpaka jiwe la mwisho, huku akimsuta mbele ya watazamaji kwa Kiswahili kilichonyooka, mkato na nukta kila kimoja mahali pake: "Pole, mtoto. Nenda ukaoshe vyombo, kisha ulale."

Aliyasimulia hayo yote bila kuinuka. Mjomba alikuwa ameshavuta kiti.

"Ukaoshe vyombo? Kasema hivyo mbele za watu?"

"Mbele za watu, Mjomba. Na leo nisipoonekana ataandika kwamba nimekimbia. Mimi sijawahi kumkimbia mtu, sitaanza na huyo."

Mjomba alikuna ndevu. "Haya, tuseme nimekubali. Michezo iliwekwa kwenye mashine ile. Hii itaijuaje?"

"Itaijua. Wewe weka mfumo kwenye diski mpya. Hii yangu tusiichomeke kwanza, usije ukafuta isiyo yenyewe."

Mjomba akatazama pembeni. Kuna bwana harusi mmoja mtaani ambaye hadi leo hamsalimii kwa kosa hilo hilo: alimfutia picha zote za harusi.

"Ukimaliza," binti aliendelea, "tunaichomeka, tunauonyesha mchezo folda yake ilipo. Ukikuta mafaili yake yamo, haupakui kitu. Unayakagua tu, basi."

"Na dada yangu?"

"Dada yako niachie mimi."

"Mdomo huo umeurithi kwake, hakuna mwingine." Mjomba aliinua simu, akapumua kwa nguvu. "Dada? Naam. Imefutwa. Haki ya Mungu, haina kitu." Akaiweka simu kifudifudi mezani. "Umenifanya niape uongo na mvi zangu hizi. Leta skrubu."

Wakafanya kazi bila maneno mengi. Mfumo uliingia. Binti akainuka hatimaye, akaichomeka diski kwa mkono wake, akaufungulia mchezo folda yake. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo, ukakwama katikati, ukakaa hapo hadi Mjomba akaanza kutafuta kofia yake. Kisha ukaruka hadi mwisho. Hakikupakuliwa kitu. Ngome ilisimama pale pale ilipokuwa, kuta tatu na mnara.

"Mimi natoka," Mjomba alisema mlangoni. "Nikiulizwa, nilikuwa nimelala. Mbomoe."

Uwanja ulikuwa umejaa. Shoka alikuwa ameshafika, tena ameshahutubia: "Ndugu watazamaji, naona mpinzani wangu hatatokea. Mnaweza kunipongeza mapema."

Binti akaingia.

Watazamaji walilipuka kwa shangwe. Kisha maneno ya Shoka yakatokea, yale yale yenye mkato na nukta:

"Wewe! Mjomba wako ameniapia, tena kwa jina la Mungu, kwamba hiyo diski imefutwa."

Binti aliyasoma mara mbili. Akavuta kiti karibu na meza, akashambulia yeye kwanza.