Taa Mpya ya Bafuni

Zama hizo kila taa ya nyumbani ilihesabu mioyo iliyodunda chini yake na kupeleka idadi serikali ya mtaa. Ya bafuni ilipoungua, Shomari alizima umeme, akapanda ngazi na kuunganisha nyaya za taa mpya, mkewe Mwanahawa akiwa ameshikilia ngazi. Wakawasha umeme.

"Karibuni nyote watatu," taa ikasema.

"Mbovu hii!" Shomari akacheka. "Tuko wawili."

Mwanahawa aliinamisha uso, akitabasamu. "Si mbovu, mume wangu. Nilitaka nikwambie Ijumaa."

Shomari akamkumbatia na bisibisi yake mkononi, akapiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi. Simu ikalia. Serikali ya mtaa iliwapongeza, ikataka jina la mtoto kabla ya saa kumi jioni.

Mwanahawa alisoma mara mbili, kisha akaizima taa, wapate kufurahi peke yao.