Koki ya Bi Zulfa

Kwa miaka tisa, koki iliyo nje ya ukuta wa Bi Zulfa haikuwahi kufungiwa mtu. Mumewe alipofariki, yeye alichimbisha kisima uani na kutoa bomba hadi barabarani, mtaa mzima uteke bure na thawabu zimfikie marehemu.

Asubuhi ile bwana afya alirudi na majibu ya vipimo vya maji ya kisima.

"Yana floridi nyingi mno, Bi Zulfa. Inaharibu meno ya watoto, na baadaye mifupa."

"Na tukiyachemsha?"

"Haitoki. Maji haya ni ya kufulia tu, si ya kunywa."

Bwana afya alipokwenda zake, Bi Zulfa aliyakinga maji kwa kiganja akayaonja. Yalikuwa matamu na baridi kama siku zote. Akaingia ndani, akatoka na spana, akachutama ukutani kuing'oa ile koki.

Alikuwa bado anahangaika nayo pale Salome, jirani wa nyumba ya pili, alipofika na ndoo mbili, bintiye akimfuata nyuma.

"Bi Zulfa, tumekukosea nini?"

Maneno yalimchoma. Ingekuwa rahisi kusema pampu imekufa.

"Hamjanikosea, mwanangu. Mimi ndiye niliyewanywesha maji mabaya, wala sikujua. Yanaharibu meno ya watoto. Nisameheni."

Salome alizitua ndoo, akamwita binti, akamshika kidevu na kumwambia aachame, kisha akamgeuza uso taratibu kuelekea kwenye jua.