Baba Nyuma ya Baiskeli

"Usishuke," baba alisema kupitia dirisha la pikapu. "Kilima hakijaisha."

Fundi cherehani aliuma meno, akakanyaga pedali. Mapaja yalimwaka moto. Nyuma yake pikapu ilinguruma taratibu, taa zimewashwa ili malori yasimsogelee. Tangu azaliwe hakuwahi kuona baba akimhangaikia namna ile.

Nyumbani kwao ilikuwa kana kwamba mtoto ni mmoja tu, kaka yake mkubwa. Kaka alisomeshwa, yeye akaachiwa cherehani. Na tangu kaka aanze kuugua, baba alisahau kabisa kwamba ana binti. Ndiyo maana siku baba alipoingia kibandani kwake na kusema, "Mwanangu, kuna mashindano ya baiskeli, yale ya masafa marefu. Nataka ushiriki," binti alijichoma sindano.

"Mimi, baba? Na unene huu?"

"Unene unatoka. Niachie mimi."

Wala hakuwa anatania. Alimpakulia chakula kwa mkono wake mwenyewe, akamkataza chumvi na soda, akamnyang'anya hata vidonge vya mgongo. "Hivi vinaharibu mwili wa mwanamichezo," alisema, akavitupa chooni.

Walianza na safari ya sokoni na kurudi. Kisha wakavuka daraja. Kisha barabara kuu yote, upepo ukimchapa usoni. Alitapika, akalia, akapanda tena. Siku alipoanguka, baba aliruka kutoka garini uso umemparara, akampapasa mbavu na kiuno kama anayeshika yai.

"Umeumia wapi? Niambie kweli."

Kwa mapenzi kama hayo, angepanda kilima chochote.

Nguo zake zote akazipunguza mwenyewe, akicheka peke yake. Alipopelekwa hospitali kupimwa damu na mkojo, maana wanamichezo wote hupimwa, baba alisema, daktari alimsifu hadi akaona haya. Jioni ile alimchungulia kaka yake chumbani.

"Kaka, nikishinda, medali nakuletea wewe."

Kaka aligeukia ukutani.

Asubuhi ya mashindano baba alimnyima hata chai. "Tumbo tupu, mwili mwepesi." Alikuwa ameifuta baiskeli mpaka inang'aa, akaipakia nyuma ya pikapu na kuifunga kamba. Njiani alimshika mkono, akaushikilia. Binti aligeuka dirishani ili machozi yasionekane.

Waendesha baiskeli walikuwa wameshajipanga uwanjani, jezi za kila rangi. Pikapu haikusimama.

"Baba, tumepitiliza."

"Kuna kipimo kimoja kimebaki. Hatukawii."

Mlangoni mwa hospitali muuguzi alikuwa akiwasubiri na kiti cha magurudumu. Alimtazama binti kuanzia miguuni, ile miguu iliyokazana kama kamba, hadi usoni, akatabasamu.

"Mzee, huyu ndiye anayemtolea kaka yake figo?"

"Ndiye," baba alijibu kwa fahari. "Nimemwandaa mwenyewe."